Majalada ya Jumatano

Bi Shamsa alizikwa Jumanne. Nilipofika Wembley siku ya tatu, khitma ilikuwa imekwisha na wanawake walikuwa wakikunja mikeka sebuleni, wakipitishiana masinia juu ya vichwa vya watoto waliojibu kwa Kiingereza kila walichoulizwa kwa Kibarawa. Nilikaa karibu na mlango kama mtu aliyeingia kuuliza njia. Mwanamke mmoja mnene, mke wa binamu yake, akanipa chai ya maziwa, akanitazama, akauliza, "Wewe ndiye yule wa magazeti?" Nikasema ndiye mimi. Akasema marehemu alikuwa akinitaja. Sikuuliza alikuwa akinitaja vipi. Chai ilikuwa na iliki nyingi, kama alivyokuwa akiipika mwenyewe, na nilipoinywa nikasikia, kwa uwazi ulionitisha, sauti ya karatasi ikichanwa. Sauti hiyo nimeishi nayo miaka kumi na moja. Huja ninapofungua bahasha, huja mtu anapokunjua ramani kwenye treni, na siku nyingine huja pasipo na karatasi yoyote karibu.

Nilivyofika London, na niliowaacha Unguja, ni habari ya siku nyingine. Ninachotaka kukumbuka hapa ni mwaka mmoja tu, wa tisini na saba, nilipokuwa na miaka ishirini na nikipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Bi Shamsa. Yeye alikuwa mtu wa Barawa, ule mji wa pwani ya Somalia ambao watu wake husema lugha iliyo dada wa Kiswahili chetu. Mimi nikisema kisu na kiti, yeye akisema chisu na chiti, na wiki ya kwanza tulichekana mpaka tukachoka. Jiko lake lilikuwa juu, na dirisha lake lilijaa mvuke mpaka treni zilizopita nyuma ya nyumba zikaonekana kama taa zinazokokotwa ndani ya maji. Alipika makaroni kwa nyama na nyanya na bizari, kisha akaweka pembeni ndizi mbivu, nzima, ambayo haijamenywa. Siku ya kwanza nilidhani ndizi ni ya baadaye. "Nyinyi watu wa Unguja tambi mnazitia sukari," akaniambia, "halafu unaniangalia mimi na ndizi yangu kama nimetia kiatu kwenye sahani." Nikaila pamoja na makaroni. Mpaka leo siwezi kula makaroni bila ndizi, na watu wa nyumbani kwangu wananiona nina kasoro.

Nilikuwa nimepata kazi katika duka la magazeti ya kigeni, katikati ya mji, kwenye kichochoro nyuma ya majumba ya michezo ya kuigiza. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiitaliano, Bwana Renzo, aliyekuwa amepanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji kwao kabla ya mashine kumfukuza. Duka lilikuwa na magazeti ya Ulaya nzima, lakini ukuta wa kulia ulikuwa wa Italia peke yake, na ukuta huo ndio alioupanga kwa mkono wake. Juu yalikaa majarida ya mitindo, mazito kama misahafu, yanayonuka manukato ya vikaratasi vilivyobandikwa ndani. Chini yake ya magari, ya majumba, ya mafumbo ya maneno. Chini kabisa yalikuwa ya bei ndogo, ambayo Bwana Renzo aliyapenda zaidi: hadithi za mapenzi zilizosimuliwa kwa picha, mwanamume na mwanamke wakitazamana na maneno yakiwatoka vinywani ndani ya viputo, na magazeti ya wiki ya akina mama, yenye mapishi, watakatifu, wafalme waliokosa viti, na barua za wasomaji. Aliniambia kwamba nchi yake haikuunganishwa na majenerali, iliunganishwa na magazeti haya, kwa sababu mama yake alijifunza kusoma Kiitaliano kwenye picha za mapenzi. Kabla ya hapo alikuwa akisema lugha ya bonde lao tu. Akasema hivyo bila kucheka, akipangusa vumbi.

Kila Jumatano yalikuja mapya, na ya wiki iliyopita yasiyouzwa yalirudi. Lakini hayakurudi mazima, kwani ni ghali kusafirisha karatasi isiyotakiwa. Yalirudi majalada tu. Hiyo ndiyo desturi ya biashara ile: unachana jalada la mbele, unayafunga majalada kwa kamba, unayapeleka kwa msambazaji yawe ushahidi kwamba nakala hazikuuzwa, na gazeti lenyewe, lililobaki bila uso, linakwenda kusagwa. Bwana Renzo alinifundisha mwenyewe. Ushike mgongo kwa mkono wa kushoto, ubane kwa dole gumba, uvute kuelekea kifuani, polepole, ili jina litoke zima. Alisema msambazaji hukataa jalada lenye jina lililokatika. Nilikuwa hodari. Baada ya mwezi nilichana bila kutazama, huku nikisikiliza redio.

Haikuruhusiwa kuyachukua magazeti yaliyochanwa, ila Bwana Renzo alijifanya haoni. Nikawa napeleka Wembley mfuko mzima kila Jumatano, kwa sababu Bi Shamsa alisoma Kiitaliano. Alikuwa amesomeshwa na watawa Mogadishu, kisha akapiga chapa katika ofisi ya bima ya Waitaliano hadi vita vilipokuja. Baada ya chakula alivaa miwani yake iliyofungwa uzi mweusi, akafungua gazeti lisilo na uso, akanisomea. Hakusoma Kiitaliano halafu akaeleza. Alitazama ukurasa na Kiswahili kikamtoka moja kwa moja, chake na changu vikiwa vimechanganyika, kana kwamba yule mwanamke wa Verona aliyemlalamikia mama mkwe alikuwa amekaa Barawa akichambua mchele. "Sikia huyu. Anasema mume wake humwambia chumvi imezidi hata kabla hajaonja. Muulize, mbona anaendelea kumpa kijiko?" Katika zile hadithi za picha alimbadilishia kila mwanamume sauti. Kuna mmoja mwenye nywele zilizopakwa mafuta aliyemwita Mheshimiwa Sufuria. Watu huniuliza nilijifunza wapi kuandika. Mimi hutaja shule na vitabu, kwa sababu jibu la kweli linanipeleka kwenye jiko lile, na jikoni mle kuna mtu ambaye sijawahi kumwona na ambaye hatoki.

Mtu huyo ni Nuru, mtoto wake wa kiume. Mwaka vita vilipoingia Barawa, mama alipandishwa chombo kilichokwenda Mombasa, na Nuru, wa miaka kumi na sita, akabaki ufukweni kusubiri cha pili. Cha pili hakikufika Mombasa. Ilisemekana watu wake waliokolewa na meli ya mizigo, ikasemekana meli ilikuwa ya Italia, na zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote. Aliniambia haya mara moja tu, akiwa ameupa mgongo upande wangu, anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Sasa, katika moja ya magazeti yale ya akina mama, ambalo sisi tuliliita la Jumatano, kulikuwa na ukurasa wa waliopotezana. Jina lake ukilitafsiri ni Uko Wapi. Ulikuwa katikati ya gazeti, baada ya mapishi. Watu walituma picha ndogo na mistari michache: namtafuta dada niliyeachana naye kwenye nyumba ya mayatima, namtafuta askari aliyenipa koti. Anwani hazikuchapwa. Aliyejibu alijibu kupitia gazeti. Bi Shamsa aliusoma ukurasa ule mwishoni daima, kimya, na hakunitafsiria. Mwezi wa pili aliandika yeye. Alichukua picha ya Nuru, ya pekee aliyoivusha baharini, akaitia kwenye bahasha bila kunionyesha, akagundisha kwa ulimi. Hakuandika anwani yake. Aliandika jina na neno London, akaomba jibu lolote lichapwe ukurasani.

Sababu yake ilikuwa Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji. Kesi yake ya ukimbizi ilikuwa bado iko pale, miaka inakwenda, na miongoni mwa watu wetu yalizagaa maneno kwamba wakijua una mtu wako Italia watakwambia basi nenda kwa mtu wako. Aliogopa barua yenye stempu ya Italia kuingia nyumbani. Aliogopa hata mimi kumwuliza Bwana Renzo jambo lolote. "Mwanangu, duka ni mahali pa watu kupita," akasema. "Jina langu lisipite hapo." Nikaapa. Nikaitia barua sandukuni mwenyewe, kwenye kona ya barabara kuu, na nikarudi nimejaa fahari ya kijinga, kama mjumbe wa sultani.

Tukangoja. Jumatano ya kwanza hapakuwa na kitu, ya pili hapakuwa na kitu, na ya tatu ukurasa wenyewe haukuwapo. Baada ya mapishi yalikuja matangazo ya sabuni. Bi Shamsa alifunua gazeti lote, akarudi nyuma, akalamba kidole akatenganisha kurasa zilizoshikana. Wiki iliyofuata vilevile. "Wameuondoa," akasema. Nilimwambia labda watu wa gazeti wako likizo. Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayemwonea huruma mtoto, akanyanyuka kuzima jiko. Tangu siku hiyo aliendelea kunisomea, lakini Mheshimiwa Sufuria alipoteza sauti yake, akawa anasema kama watu wengine. Majira ya joto yakaja. Siku za mpira makelele ya uwanja yaliingia kupitia ukutani, na kila umati ulipopiga ukelele nilimwona akigeuza kichwa kwenye ngazi. Mara nyingi alitandika sahani tatu, akaitazama ya tatu, akairudisha kabatini.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi mkono ulinitelezea. Nilikuwa nachana lile gazeti letu, jalada likapasuka katikati ya jina, nami nikaligeuza ili nilibandike karatasi ya gundi kwa nyuma, Bwana Renzo asione. Upande wa ndani wa jalada kulikuwa na picha ndogondogo za watu, na chini ya moja, kwa herufi nene, liliandikwa SHAMSA, na LONDRA, yaani London. Kwenye picha hiyo alikuwa kijana mwembamba mwenye ndevu changa na kola nyeupe. Nilisimama na gundi ikanikaukia kwenye dole. Kisha nikavunja kiapo, nikampelekea Bwana Renzo, nikamwomba anisomee.

Alisoma mara mbili kimoyomoyo kwanza. Ilikuwa taarifa ya wahariri. Walisema Nuru wa Barawa, aliyemjibu mama yake kwenye ukurasa huu mara nne tangu majira ya kuchipua, amefika mwenyewe ofisini mwao, na kwamba wanamwomba Bi Shamsa wa London, kama bado anasoma, awapigie simu. Nikasema haiwezekani, ukurasa ule uliondolewa. Bwana Renzo akasema haukuondolewa, ulihamishwa. Tangu mwezi wa tatu unachapwa nyuma ya jalada la mbele, na walitangaza kwa wiki mbili, kwa mstari wa njano, pale juu. Akanionyesha kwa kidole mahali mstari ulipokuwa. Palikuwa mahali hasa ambapo mimi huweka dole gumba.

Kila wiki zilibaki nakala tano au sita. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko sala zangu, kisha huacha katikati. Picha aliyoituma mama, ile ya pekee, ilichapwa; niliichana. Jibu la kwanza la mtoto nililichana, na la pili, na la tatu, na la nne, kila moja mara tano au sita, kwa ustadi, jina likitoka zima. Niliyafunga kwa kamba nikayapeleka nje. Nilikuwa na uwezo wa kununua nakala moja. Haikunipitia akilini, kwa sababu kilichonipa heshima katika nyumba ile ni kwamba nilileta bure. Na jambo linaloniamsha alfajiri si hesabu. Ni kwamba lazima siku moja nilimtazama. Mtu hawezi kuchana karatasi miezi saba bila jicho kuanguka upande wa pili hata mara moja. Ninapojaribu kukumbuka, namwona kwenye kila jalada, mara mtoto, mara mwenye ndevu, na sijui kama namkumbuka au namtunga.

Bwana Renzo alinipa jalada lile, akasema atamwambia msambazaji panya wamekula. Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Bi Shamsa alikuwa anamenya vitunguu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia mwisho, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuanzia mwanzo. Alinawa mikono, akaifuta vizuri, akavaa miwani, akasoma. Kisha akauweka uso wake karibu sana na picha, karibu kama anayenusa. Alikuwa amemwacha mtoto bila hata unywele kidevuni.

"Umechana mangapi?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Kadiria."

"Mengi, Bi Shamsa."

Akarudi kwenye vitunguu. Hakuwahi kunilaumu, na katika miaka yote iliyobaki hakuwahi kusema amenisamehe.

Asubuhi yake alikuja dukani kwa mara ya kwanza, amevaa buibui jipya, na Bwana Renzo akampa kiti chake mwenyewe na simu. Nilimsikia akisema Kiitaliano cha ofisi ya bima, kirefu, chenye adabu, chenye maneno ambayo Bwana Renzo aliniambia baadaye hakuyasikia tangu utoto. Mwanamke wa upande wa pili alikwenda kuleta nakala za nyuma, akaanza kumsomea majibu ya Nuru kwenye simu, na Bi Shamsa akawa anayarudia kwa lugha yake, taratibu. Mpaka leo sijui kama alinirudilia mimi au alijirudilia mwenyewe ili ayasikie kwa sauti ya nyumbani. "Anasema, mama, mimi nipo. Anasema anafagia saluni, na magazeti yanakaa pale kwa wateja, ndipo alipojiona. Anasema amenenepa." Hapo akacheka kidogo. "Anasema, mama, mbona hujibu. Anasema, kama si wewe, aliyetumia jina la mama aniambie." Kisha akasikiliza muda mrefu, akasema ahsante kwa Kiitaliano, akaweka simu kwa mikono miwili.

Nuru alikuwa amekwenda ofisini kwao kuaga. Tangazo la mama lilisema London, naye aliona gazeti halimfikishi, basi atakwenda mwenyewe. Ilikuwa zaidi ya wiki tatu zilizopita. Wahariri walimpiga picha ile mlangoni, wakampa sandwichi mbili na nauli ya kumfikisha mpakani mwa Ufaransa.

Hakufika. Naandika neno hilo kwa ufupi kwa sababu halina sehemu nyingine. Mwezi ule na uliofuata nilimsindikiza Bi Shamsa kwenye stesheni zote ambako watu wetu walisema vijana hufikia. Tulikwenda Ilford kwa kijana aliyeitwa Nuru, tukamkuta ni Mkongo wa Bukavu, mcheshi, aliyetupa soda na kuomba radhi kwa kuwa na jina lile. Gazeti liliendelea kuchapa tangazo lake bure kila baada ya miezi, mpaka miaka michache baadaye lenyewe lilipokufa. Halikuagwa na mtu. Wiki moja halikuja tu. Siku hizi ukuta wa kulia wa Bwana Renzo umekuwa wa kadi za simu, na yale mazito ya manukato ndiyo peke yake yaliyobaki, juu kabisa, yamefungwa plastiki ili mtu asiyaguse.

Lakini mwaka wenyewe uliishia Croydon. Siku chache kabla ya mwezi wa kumi na mbili kwisha, Bi Shamsa alimwambia wakili wake anataka kuongeza maelezo katika kesi. Wakili alimshauri asifanye hivyo. Mimi pia nilimsihi, nikamkumbusha aliyokuwa akiyaogopa mwaka mzima, ile barua bila anwani, kiapo alichonilisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nitamsindikiza au aende peke yake. Tulipanda treni asubuhi, tukapanga foleni katika upepo chini ya yale majengo marefu, tukakaa kwenye viti vilivyofungwa sakafuni. Alipoitwa, alimwambia ofisa kupitia kwa mkalimani kwamba ana mtoto, kwamba mtoto alikuwa Italia, kwamba sasa yuko njiani. Alitaja jina, ukoo, kovu la goti. Alitaja anwani yake ya Wembley mara mbili, na namba ya mlango. Ofisa, kijana mwenye mafua, akauliza anajuaje kuwa yu hai. Bi Shamsa akafungua mkoba, akaweka mezani lile jalada lililopasuka, upande wa picha ukiwa juu.

Ofisa alikwenda nalo kwenye mashine, akarudi na karatasi. Akaeleza kwa upole kwamba jalada lenyewe litakaa kwenye faili na sisi tutachukua nakala. Nikaitazama nakala. Mashine ilikuwa imekula uso wote. Palibaki doa jeusi juu ya kola nyeupe. Nikasema hapana, hiyo ndiyo picha yake ya pekee, turudishieni, na sauti yangu ikapanda mpaka watu wa madirisha mengine wakageuka. Bi Shamsa akanishika mkono.

"Mwache akae huku," akasema. "Akija, hapa ndipo watakapomleta kwanza."